Sweta ya Siku ya Sikio

Wiki mbili baada ya kumzika Cucu, nyanya yangu mzaa baba, shangazi Wanja alikaa uani kwa mama yake pale Kibugu na kuanza kutugawia vitu. Sufuria zilienda huku, mablanketi kule, na mimi nikapewa kiondo kilichofumuka mdomo. Ndani yake mlikuwa na sweta ya mtoto, ya buluu, imekunjwa mara nne. Kabla sijaigusa, harufu yake ilinifikia: moshi wa kuni mbichi, sabuni ya kipande, na ule unyevunyevu wa mashamba ya chai ambao kwenye nyumba za kwetu hauishi hata jua likiwaka mwezi mzima.

"Hiyo ni yako," shangazi akasema. "Nilimwomba anipe nivalishe watoto wangu mpaka nikachoka. Ati si ya kuvaliwa. Sasa sweta isiyo ya kuvaliwa ni ya kufanyia nini?"

Mwanangu Njeru ana miaka mitano, na huvaa chochote ambacho hakupewa. Asubuhi hiyo tayari alikuwa amevaa kofia ya marehemu na gambuti moja ya binamu yake. Aliichomoa sweta mikononi mwangu, akaipitisha kichwani, kisha akainua mikono ili nimvutie chini. Mkono wa kulia ulipanda vizuri. Wa kushoto ulifika karibu na bega ukakwama, akabaki hivyo, mmoja juu, mmoja ubavuni, kama askari wa barabarani.

"Mama, hii sweta imekataa," akasema.

Uani kote watu wakacheka. Shangazi alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Mama yangu peke yake, aliyekuwa kwenye kigoda akimenya viazi, hakucheka. Kisu chake kilisimama katikati ya kiazi. Mimi pia sikucheka, kwa maana niliijua sweta hiyo. Miaka yote hii nilidhani naijua.

Kwetu mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa nyanya yake, asahau. Wengine hukaa wiki, wengine mwezi, wakirudi nyumbani wamenenepa na wamejifunza matusi. Mimi nilikaa miaka minne. Mama na Baba walikuwa wafanyakazi kwenye shamba kubwa la ngano huko Timau, upande wa pili wa mlima, wakiishi katika chumba kimoja kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi. Mama alikuja Krismasi, akanukia mafuta ya mgando na safari, akaondoka kabla sijamzoea. Niliyemzoea ni Cucu.

Tena sikumzoea tu; kwa namna fulani nilikuwa yeye. Mimi ni binti wa kwanza, na binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo wote wawili tulikuwa Igoki. Baba hakuwahi kuniita kwa jina. Kila alipokuja kututembelea aliniita mama. "Mama, umeamkaje?" angeniuliza, mtu mzima mwenye ndevu, nami ningemjibu kwa heshima zote, nikiwa sina hata suruali. Siku moja nilimwaga uji wake makusudi, akainua mkono. Cucu akasema kutoka jikoni, bila hata kugeuka, "Ngoja nione mtu atakayempiga mama yake." Mkono ukashuka. Nikamwaga na kikombe cha pili.

Kila hatua yangu Cucu aliipeleka Timau kwa barua. Hakujua kuandika, kwa hiyo alimwita msichana wa jirani na kumtamkia, mimi nikisikiliza habari zangu kama redio. Igoki ametoa jino la mbele, amelitupa juu ya paa. Igoki amejifunza kufunga vifungo, isipokuwa cha mwisho. Igoki amemwambia mchungaji kwamba mahubiri yake ni marefu. Hapo msichana alisita kuandika, Cucu akamwambia, "Andika. Si ni kweli?"

Jambo lingine kuhusu Cucu ni uzi. Alikuwa na kibiringo kimoja cha uzi mweusi, na kwa uzi huo alishona kila kitu. Alishona blanketi jekundu kwa mweusi, pazia la njano kwa mweusi, na kamisi yangu nyeupe ya Jumapili kwa mweusi, hata watoto kanisani wakasema nimetambaliwa na siafu. Nilipolalamika, alisema uzi kazi yake ni kushika, si kuonekana. Sindano yake ilikaa kwenye kitambaa cha kichwani, juu ya sikio la kulia, hata akilala usingizi wa mchana.

Krismasi ya mwaka niliotimiza mitano, Mama alinikalisha mapajani akanipa ahadi. "Ukigusa sikio, Baba atakuja kukuchukua. Shule iko karibu tu na nyumba yetu. Utalala na mimi, kitanda kimoja."

Walio wa umri wangu wanakumbuka kugusa sikio. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya watu wa mjini, hivyo umri wa kuingia shule ulipimwa na mwili wenyewe. Ulisimama wima, shingo imenyooka, ukapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, ukashika sikio la kushoto. Vidole vikifika, wewe ni wa shule. Visipofika, rudi nyumbani ule mwaka mwingine.

Tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine. Niligusa nikiamka, nikagusa nikila, nikagusa katikati ya sala ya chakula. Nilimpima mbuzi, akashindwa. Nilimpima Cucu pia, lakini bega lake lililochoka kubeba vikapu vya chai halikuweza kupanda.

"Basi wewe pia hujafika umri wa shule," nikamwambia.

"Sijafika kweli," akajibu. "Wewe nenda, mimi nitafuata."

Wakati wa baridi ya katikati ya mwaka kucha ziliparuza ncha ya sikio. Siku za mvua ndogo nililishika lote, nikalivuta hadi likauma, nikakimbia bila viatu katikati ya chai kumwonyesha. Cucu aliweka kikapu chini. Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akapiga vigelegele peke yake pale shambani, na wachumaji wa jirani wakauliza kwa sauti nani amezaa. "Nimezaa mimi!" akawajibu. "Nimezaa mwanafunzi!"

Barua ikaenda: Igoki ameshika sikio lote. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Tena alisema anataka kunifumia sweta ya siku Baba atakapokuja kunichukua, tumpelekee vipimo. Cucu alinisimamisha mlangoni akanipima kwa uzi wake mweusi: kifua, fundo, urefu wa mkono, fundo, kwapa, fundo. Aliukunja uzi ndani ya bahasha kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kifaranga.

Januari Baba akaja, na sweta.

Ilikuwa buluu ya sare ya shule, na shingoni ina mstari mweupe. Sikuwahi kumiliki kitu kipya kama hicho. Nilipoivaa niliona inanishika sana kwapani, lakini nilidhani vitu vipya hushika hivyo. Labda ndivyo Mama anavyokumbatia, nikafikiri, kwa kuwa sikukumbuka.

"Inambana mtoto," Cucu akasema. "Aivue kwanza, aguse sikio, halafu ataivaa."

"Wacha, Mama," Baba akajibu, na safari hii alimaanisha yeye. "Mama Igoki alisema aivae. Huko shuleni hawatamvua nguo. Wacha tuone kama watakavyoona wao. Sitaki kumpeleka hadi Timau arudishwe."

Nilisimama katikati ya uwanja. Jirani wawili walikuwa wamekuja kushuhudia. Begi langu lilikuwa mlangoni tangu alfajiri: kamisi yenye siafu, kitana, na nduma mbili kwa ajili ya mdogo wangu ambaye hakuwa na meno. Nilinyoosha shingo. Nilipeleka mkono juu.

Haukwenda. Ulifika karibu na shavu ukasimama, kana kwamba kuna mtu chini aliyeushikilia kiwiko. Nilijaribu tena. Nilisukuma kwa mkono mwingine, nao pia ukawa mzito. Nikainamisha kichwa, jirani mmoja akasema, "Aa, huko ni kuiba." Vidole vyangu vilichezacheza hewani, mbali na sikio, kama mdudu aliyepinduliwa.

"Lakini huwa nafika!" nikalia. "Cucu, waambie! Si huwa nafika?"

"Huwa anafika," Cucu akasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Baba alitazama chini. Nakumbuka alikuwa akisugua vumbi kwa ncha ya kiatu, akilipeleka huku, akilirudisha. "Mwakani, mama," akaniambia. "Si mbali." Alikunywa chai amesimama, akaondoka. Begi langu lilibaki mlangoni, na zile nduma zikaliwa na Cucu na mimi.

Jioni hiyo nilijikunja kitandani, nikamwona Cucu jikoni, karibu na moto, sweta ikiwa mapajani mwake. Aliigeuza ndani nje. Alipitisha kidole gumba kwapani, mara mbili, mara tatu. Kisha akachomoa sindano kichwani. Aliishika muda mrefu, akiwa ameinama juu ya sufu ile ya buluu, mgongo wake ukinizuia nisione zaidi. Nikasinzia.

Mimi nilijua kosa ni langu. Mkono umefupika, na sababu niliijua: ndio mkono niliolambia sukari ya Cucu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuvaa sweta, nilipanda gogo, nikadaka tawi la mti wa avokado, nikaning'inia ili urefuke. Cucu hakunikataza. Alisimama chini akanishika kiuno nisianguke, akahesabu, "Moja, mbili, tatu," hadi mikono yangu ikaachia. Sweta niliivaa kila siku, kwa sababu ilitoka kwa Mama. Nilijipima nikiwa nimeivaa tu, kama siku ile, na kila mara sikufika. Usiku niliivua nikaingia moja kwa moja chini ya blanketi, na gizani hakuna aliyepima masikio.

Mvua kubwa zilipoanza, nilikuwa napita chini ya ua wa seng'enge wa jirani nikimfuata mbuzi. Waya ulinishika kwapani. Nilivuta, ukavuta, nikavuta zaidi, kitu kikakatika kwa mlio mdogo, tap, tap, tap, kama maharagwe yakipasuka juani. Sweta ikalegea. Nilitazama. Haikuchanika sufu. Mkono wa sweta ulikuwa umeshonewa kwenye ubavu wake, kipande cha urefu wa kidole, na sasa nyuzi zilikuwa zimening'inia, nene, nyeupe.

Niliinua mkono. Ulipita juu ya kichwa changu kilicholowa na kushika sikio, na si kulishika tu, ulifika hadi shavuni.

Nilitembea hadi jikoni nikiwa vilevile, mkono juu ya kichwa. Cucu alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Aliniona, akaona kwapa, akaweka ungo chini.

"Nani alishona hapa?"

Alipangusa mikono.

"Nilikuona," nikamwambia. "Ulikuwa na sindano. Jioni ile Baba alipoenda. Nilikuona na sindano."

Nje mvua ilikuwa ikimwagika juu ya mabati, na mbuzi akilia kwa kuachwa. Aliutazama ule uzi, kisha akanitazama mimi, kwa macho yale yale ya siku ya shambani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," akasema.

Mtoto wa miaka sita hana adhabu nyingi za kutoa. Nilitafuta zote. Nilikula nikiutazama ukuta. Nilijiogesha mwenyewe, vibaya, shingo ikabaki nyeusi. Nilikataa kushikwa kiuno chini ya avokado, na kwa kuwa sikuwa na haja tena ya kuning'inia, nilining'inia ili tu nimkataze. Lakini adhabu kubwa niliigundua siku moja nilipohitaji maji, nikafikiri kidogo, nikasema, "Mama Wanja, naomba maji." Hivyo ndivyo majirani walivyomwita, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ndivyo anavyoita mtu wa nje, aliyepita njia.

Alisimama. Kisha akaitika, "Ee," akaniletea maji.

Nilimwita hivyo hadi mwaka ukaisha. Sikusahau hata siku moja, na yeye hakukosa kuitika.

Januari iliyofuata Baba alikuja, nikagusa sikio nikiwa na gauni jepesi, kabla hata sijaambiwa. Cucu ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Alinifungia viazi vitamu vya kuchoma kwenye jani la mgomba. Niliviacha juu ya nguzo ya lango, mahali atakapoviona. Sweta niliiacha sakafuni. Alisimama langoni, najua, kwa sababu Baba aligeuka akapunga mkono mara kadhaa. Mimi sikugeuka.

Timau kulikuwa na upepo na ngano hadi mwisho wa macho, na kitanda kimoja kilichokuwa na watu watatu tayari. Nililala miguuni. Sikujali. Nilikuwa nimefika kwa Mama. Likizo za mavuno nilimsaidia kushona magunia, nikajifunza kutoka kwake: uzi mara mbili, mshono unaovukana, na mwishoni fundo la kurudi nyuma ambalo hata punda akivuta halifunguki. Nilijivunia fundo hilo. Kibugu tulienda Krismasi kwa Krismasi. Nilipokua nilirudia kumwita "Cucu", nikamletea sukari na leso, nikamsamehe jinsi mtu anavyosamehe akijua haki yote iko upande wake. Hakuwahi kuizungumzia siku ile. Nami nilijisifu kwamba siizungumzii.

Sasa Njeru alikuwa amesimama mbele yangu, mkono umekwama, na watu walikuwa wameacha kucheka na kurudi kwenye sufuria. Nilipiga magoti nikaingiza kidole kwenye kwapa la kushoto, lile ambalo waya haukulifikia. Mshono ulikuwa mzima. Uzi mnene, mweupe, umewekwa mara mbili. Mishono inavukana. Niliufuata kwa kidole hadi mwisho, na mwishoni pale palikuwa na fundo la kurudi nyuma.

Kibugu hakuna anayeshona magunia. Chai huenda kwa kikapu. Na katika nyumba ile, tangu nizaliwe, hapakuwahi kuwa na uzi mweupe.

Niliinua macho. Mama alikuwa bado ameshika kiazi kile kile.

"Ilikuja hivi," nikasema. "Ilitoka Timau ikiwa hivi."

Alitazama kama kuna mtu karibu. "Chumba kilikuwa kimoja," akasema kwa sauti ya chini. "Ndugu yako alikuwa na miezi mitatu, anakohoa. Ningekuweka wapi? Na nilikuwa nimekuahidi. Kumwambia mtoto hapana, uso kwa uso… sikuweza. Nikasema ni mwaka mmoja tu. Wacha mkono useme."

"Mkono haukusema. Wewe uliufunga."

"Nilijua Cucu ataona. Nilingoja barua ya kunitukana. Haikuja."

"Baba alijua?"

Alikata jicho la kiazi, akalitupa. Hilo lilitosha.

"Nilimwita Mama Wanja mwaka mzima," nikasema. "Niliacha viazi vyake langoni."

"Najua. Aliniambia." Sasa machozi yalikuwa yakimtoka, lakini mikono ilimenya. "Krismasi ya kwanza tulipokuja na wewe, nilitaka nikwambie. Nilimwambia, Mama, acha nimwambie Igoki. Akakataa. Akasema, sasa amefika kwako, usimfukuze. Mimi nimeshazoea jina la jirani."

"Hiyo ni Krismasi ya kwanza. Na nyingine zote?"

Alichukua kiazi kingine.

"Na wiki mbili zilizopita, tulipokuwa tunamfukia?"

Niliwaza jioni ile, mgongo wa Cucu ulioinama juu ya moto, sindano ikiwa mkononi. Alikuwa ametoa sindano afumue. Ilibidi afikirie kwa nini ilishonwa, nani aliyeishona, na mtoto anayefunguliwa mkono atapelekwa wapi, kwa nani, kama huko bado hatakiwi. Akairudisha sindano kichwani. Alimaliza kufikiri yote hayo kabla sijasinzia, na akakaa nayo hadi kaburini. Na sweta hakuichoma, hakuishona pale ilipofumuka, hakumpa mtoto yeyote aivae. Aliikunja mara nne akaniwekea mimi, nisome kwa kidole.

Njeru alichoka kungoja. Alinigeuzia mgongo akamwendea Mama, ambaye ndiye cucu wake, anayempenda kuliko sisi wote, kwa sababu humpa maziwa kabla ya chakula.

"Cucu, nifungulie."

Mama alifuta mikono kwenye leso. Alinitazama, akingoja ruhusa. Sikumpa, sikumnyima. Akaigeuza sweta kwapani, akaingiza ncha ya kisu, akakata mshono mmoja, halafu mwingine, hadi akafika kwenye lile fundo. Hapo alichukua muda. Alilijua kuliko mtu yeyote, na bado lilimsumbua.

Lilipokatika, Njeru aliinua mkono wa kushoto akaurusha juu ya kichwa akicheka, na vidole vyake vikatua kwenye sikio la kulia, bila mtu yeyote kumfundisha. Mama akacheka pia katikati ya machozi, akanitazama, akitumaini.

Nilimvua mtoto sweta nikaikunja mara nne.

"Asante, Mama Igoki," nikamwambia.

Kisu, kilichokuwa kimerudi kwenye kiazi, kikasimama. Shangazi akatuita mezani, watoto wakapita mbio.

"Ee," akaitika.